Uliza Ujibiwe: Jackson State, msimu upi ulikuwa bora?

SWALI: Habari kaka. Mdogo wangu anasoma Mississippi na kila Jumamosi ananitumia video za chuo cha Jackson State, wale wa futiboli ya Kimarekani, ile ya helmeti. Nikafuatilia nikaona 2022 walishinda mechi 12 mfululizo, kuja kufungwa moja tu ya mwisho. Namwambia huo ndo msimu wao bora, yeye anakataa anasema 2024. Tuamulie. Na kwanini hawaingii mtoano wa kitaifa kama wengine? Msomaji, Mwanza.

JIBU: Dada habari njema. Mimi niko upande wa mdogo wako, ila 2022 nayo uipe heshima yake kwanza.

Mwisho wa Agosti mwaka ule mtambo wa maji wa jiji la Jackson ulishindwa kazi baada ya mafuriko, watu kama laki moja na nusu hawana maji salama, chuoni mabomba makavu, vyoo havifanyi kazi, kiyoyozi hakuna na joto la Mississippi unalijua au muulize mdogo wako. Kocha Deion Sanders ikabidi ahangaikie pa kuwaweka vijana wake. Siku chache baadae wanasafiri mpaka Miami wanaipiga Florida A&M 59-3! Oktoba ESPN wakahamishia kipindi chao kikubwa cha Jumamosi hapohapo Jackson, uwanjani zaidi ya watu 50,000, chuo cha Southern wakala 35-0. Kwa chuo cha watu Weusi kutazamwa hivo nchi nzima sio kitu kidogo, tuliokuwa tunasubiri hadi saa nne usiku kuwaona kwenye simu tulijisikia kama tupo palepale.

Tarehe 3 Desemba wakaifunga tena Southern 43-24 wakabeba ubingwa wa SWAC, ligi yao ya vyuo vya watu Weusi, na usiku uleule Sanders akawaambia vijana anaenda kufundisha chuo cha Colorado. Halafu ikabaki mechi moja, Celebration Bowl kule Atlanta, ya bingwa wa SWAC na bingwa wa MEAC, ligi nyingine ya vyuo vya watu Weusi, dhidi ya North Carolina Central. Hii niliiangalia tangu saa mbili usiku. Wako nyuma kwa 7, saa inaisha, Shedeur Sanders, mtoto wa kocha, anarusha mpira wa mwisho kabisa, Travis Hunter anaudaka ndani ya eneo la kufungia, tachidauni, 34-34. Nyumba nzima niliiamsha. Kwenye muda wa nyongeza Central wakafunga, zamu ya Jackson State ikaja, wakafika karibu kabisa na mstari, mpira ukaponyoka mikononi mwa mtu aliyekuwa peke yake hana hata wa kumkaba. 41-34, basi. Iliniuma sana na bado inaniuma.

Sasa kwanini nasema 2024. Sanders alipoondoka aliondoka na mwanae Shedeur na Hunter, yule aliyekuja kushinda Heisman 2024, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, na watu wengi wakasema Jackson State ndo imekwisha hiyo. Timu akapewa T.C. Taylor, mtu aliyeichezea hiyohiyo Jackson State, mzaliwa wa Mississippi, alikuwa msaidizi wa Sanders na yeye akabaki. Mwaka wa kwanza walishinda 7 wakafungwa 4, watu wakanuna. Mwaka wa pili walishinda 12 wakafungwa 2, ubingwa wa SWAC kwa kuifunga Southern 41-13, kisha Atlanta palepale walipolia 2021 na 2022 wakaichapa South Carolina State 28-7. South Carolina State ndo haohao waliowafunga 31-10 mwaka 2021, kwahiyo deni lililipwa. Ilikuwa Celebration Bowl yao ya kwanza kushinda. Msimu wa 2022 uliwaonyesha watu jina la mtu mmoja mkubwa, wa 2024 uliwaonyesha chuo chenyewe kina miguu yake, na mimi hicho ndo nakipenda.

Kuhusu mtoano: bingwa wa SWAC na bingwa wa MEAC wanaachana nao ili wakutane Celebration Bowl, tangu 2015. Inaonyeshwa ABC nchi nzima na inaleta hela. Wapo wanaolalamika kwamba wangejipima na wengine, sio kosa kulalamika, ila mechi ya kwenu wenyewe yenye bendi mbili kama zile huiachi kirahisi. Mwambie mdogo wako akutumie Sonic Boom of the South, bendi ya Jackson State, wakiingia, mapumziko hakuna anayenyanyuka kwenda kununua soda.

SWALI: Hivi hivi vyuo vya watu Weusi mzungu haruhusiwi? Msomaji, Mombasa.

JIBU: Anaruhusiwa, na wapo. Jina la vyuo vya watu Weusi linatokana na sheria ya 1965 inayovitambua vyuo vilivyoanzishwa kabla ya 1964 kwa ajili ya kusomesha watu Weusi, enzi ambazo vyuo vya wazungu kule kusini viliwafungia milango. Ndo mana vipaji vyote vilijaa huku. Jackson State peke yake imetoa wachezaji wanne walioko kwenye Jumba la Heshima la NFL, ligi ya kulipwa ya futiboli hiyo: Lem Barney, Robert Brazile, Jackie Slater na Walter Payton, huyu wa mwisho alitokea hapohapo Mississippi, mji mdogo wa Columbia, na 1975 timu ya Chicago Bears ikamchagua wa nne katika nchi nzima, NFL walipokuwa wakichagua wachezaji kutoka vyuoni.