Kabla hujasajili jina la mtoto, mngoje foi wake

Juzi kuna msomaji kaniandikia inbox, yuko Toronto, mimba ya miezi saba, anasema "kaka nipe jina la Kisanskriti, fupi, maana nzuri, wazungu waliweze" (Kisanskriti ni ile lugha ya kale ya India). Meseji nimekaa nayo siku mbili bila kujibu maana imenigusa panaponiuma, basi najibu hapa wote msome.

Sisi Wagujarati, mi nimezaliwa Dar, Kisutu, sasa hivi niko Leicester na familia. Kwetu jina hatoi baba wala mama, anatoa foi, yaani shangazi, dada wa baba. Pandit, yaani kuhani wa Kihindu, anaangalia mwezi ulikuwa nyota gani mtoto alipozaliwa, anawapa herufi, foi ndo anachagua. Nilikuwa najua yote hayo. Ila alipozaliwa wa kwanza nikajiona mjanja, usiku nikaingia Google nikaokota Aarav, wameandika "amani, utulivu", siku ya nne nishaenda kumsajili, na England wanakupa siku 42 nzima! Dada yangu akatua siku ya sita kutoka Dar kwa ajili ya chhathi, sherehe ya siku ya sita ya kumpa mtoto jina, kabeba jhabla nyeupe aliyomshonea mtoto kwa mkono. Nikamwambia jina tayari. Hakusema kitu. Aliikunja ile nguo upya, taratibu, mkono kwa mkono, akairudisha kwenye begi.

Miaka miwili baadae mzee mmoja wa mtaani hapa, kafundisha Kisanskriti India maisha yake yote, akaniuliza mwanao anaitwa nani, nikamjibu kifua mbele. Akasema arava ni mlio, kelele, ukelele. Nikabishana nae, akanifungulia kamusi. Kweli kabisa.

Jamani msiokote majina mtandaoni! Zile orodha zinakopiana tu. Tafuta mtu anayeijua lugha, fungua kamusi, halafu litamke jina kwa sauti kwenye kila lugha mtoto atakayoishi nayo. Uma ni jina la Parvati, mungu wetu wa kike, lakini Dar uma ni wa kulia chipsi. Mtaani kwetu kulikuwa na binti anaitwa Sita, jina la mke wa mungu Rama, kila akipita watoto wanahesabu "nne, tano, Sita, saba", alikuwa analia. Hardik maana yake ya moyoni, zuri sana, ila kwa Kiingereza linasikika kama matusi, shule za huku Uingereza mtoto atateseka. Sasa chukua Asha, kwa Kisanskriti ni tumaini, na Kariakoo nzima wanajua kuliita. Majina ya namna hiyo yapo, ni kutulia na kuuliza wakubwa.

Wa pili, wa kike, tulisubiri. Nyota ya Nge, herufi N au Y. Usiku wa sita tukaweka karatasi tupu na kalamu nyekundu karibu na kitanda chake, ndo usiku Vidhata, mungu wa majaliwa, anakuja kuandika majaliwa ya mtoto. Halafu watoto wanne wakashika pembe za kitambaa wakambembeza, dada akainama akamwambia sikioni: Niyati. Maana yake majaliwa. Mi nisingelipata hata ningekesha mwezi.

Kwa hiyo mdogo wangu wa Toronto, jina sikupi. Mpigie wifi yako, hata kama mmenuniana, mpigie leo.

Ile jhabla aliivaa Niyati. Dada alikuwa kaitunza miaka minne, mikunjo ile ile.