Hujui kucheza? Nenda tu

Dada, unauliza kama timu ya mpira wa magongo (hoki) ya chuo hapo Malindi itakupokea ilhali hujawahi kushika gongo. Itakupokea, tena kwa mikono miwili. Mwone nahodha kabla ya mazoezi, umwambie siku unazoweza, usiahidi zote. Hata kwa asiyecheza, kazi ya kusaidia ipo tele: maji, barafu, kushika saa (mechi ina robo nne za dakika 15), na kuanika vifaa vya kipa, maana kwa joto letu hili vikifungiwa begini na jasho lake, hata paka hasogei. Usisimame nyuma ya goli. Mpira ule ni mgumu, gramu 156 hadi 163. Na mkienda kucheza Mombasa, ulizia mapema nauli analipa nani.