Aliyekugonga Amekimbia: Polisi, Bima na Gereji

SWALI: Gari dogo limenigonga nyuma Barabara ya Mandela na kutoroka. Namba yake niliinasa. Bampa limeng'oka na taa imevunjika. Nina bima ndogo tu. Nitalipwa?
Msomaji, Tabata

JIBU: Bima yako haitalipa. Bima ndogo hulipa hasara unayomsababishia mwingine, si ya gari lako. Wa kukulipa ni bima ya aliyekugonga, kwa hiyo hiyo namba itunze sana. Iingize kwenye mfumo wa TIRA MIS wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, uone gari hilo limekatiwa bima kampuni gani na inaisha lini.

Ripoti siku hiyohiyo kwenye kituo cha polisi cha eneo la ajali, uchukue namba ya RB, yaani ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Trafiki achore ramani, gari likaguliwe, ufuatilie PF 93 ya ukaguzi na PF 90 ya taarifa ya ajali. Kabla ya ukaguzi usilioshe: rangi ya gari lile iliyobaki kwenye mikwaruzo ni ushahidi. Okota pia vipande vya taa yake. Taa za magari ya Kijapani huwa na jina la kiwanda, kama Koito au Stanley, pamoja na namba, na muuza spea mzoefu akiisoma hukuambia ni ya gari gani. Kama kuna kituo cha mafuta jirani, waombe polisi wafuate picha za kamera mapema, maana hujifuta.

Wengi hukwama hapa: kampuni ya bima ya aliyekugonga mara nyingi hutaka ithibitike kwamba dereva wake ndiye mwenye kosa, kwa nakala ya hukumu au ya faini aliyolipa. Jalada likilala kituoni, na madai yako yanalala. Lifuatilie, na usitengeneze gari kabla mthamini wao hajaliona.

SWALI: Nina bima kubwa. Aliyenigonga hajulikani kabisa. Gereji imekadiria shilingi 3,000,000, lakini bima wanataka kulipa pungufu. Ni halali?
Msomaji, Mbezi

JIBU: Inawezekana. Bima kubwa hulipa hata hasara ya gari lako, hivyo kutojulikana kwake hakukunyimi malipo, mradi umeripoti ndani ya muda uliotajwa kwenye mkataba. Angalia kwanza ekses, yaani kiasi unachochangia mwenyewe, kisha thamani uliyoandikisha. Gari la milioni 12 ukilikatia bima ya milioni 8 ili ada ipungue, na mkataba una kipengele cha kugawana hasara, utalipwa theluthi mbili tu: 2,000,000, kabla ya kukata ekses. Omba hesabu yao kwa maandishi. Wakikataa kurekebisha makosa, mpelekee malalamiko Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Gereji nako uwe macho. Bampa livuliwe kabla ya makadirio, kwa sababu chuma cha ndani na sakafu ya buti hupinda bila kuonekana nje. Uharibifu mwingine ukijitokeza kazi ikiendelea, fundi asimame, mthamini aitwe tena. Ukitengeneza kwanza, hela hiyo hairudi. Spea zilizotolewa zihifadhiwe, bima wanaweza kuzidai.

Usisaini kwamba umeridhika kabla hujapitisha sumaku ndogo, uliyoifunga kitambaa, juu ya bodi iliyopigwa rangi. Penye puti nene haishiki: bati halikunyooshwa, limejazwa tu, na jua likipiga litapasuka. Hapo lirudi kwa fundi.