Nimezima kamera, bando linaliwa na nini?

SWALI: Shikamoo dada. Nasoma chuo kwa masafa nikiwa huku Nachingwea. Kwa wiki nina vipindi vitatu vya Zoom vya masaa mawili mawili, na GB 2 ninazonunua zinakata kabla ya kipindi cha tatu. Kamera yangu siwashi kabisa, sasa bando linaliwa na nini? Halafu lekchara ameanza kusema asiyewasha kamera anahesabiwa hayupo. Nafikiria kuacha hili somo.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, usiache somo kwanza. Bando lako linaliwa na sura za wenzako. Ukizima kamera unapunguza video inayotoka kwako tu, ila inayoingia ndo mzigo wenyewe, maana simu inavuta video ya lekchara na ya kila mtu unayemwona hapo hata kama wewe umeinama unaandika notsi huangalii. Zoom wenyewe wanasema sauti peke yake inataka kilobiti 60 mpaka 80 kwa sekunde, piga hesabu, haifiki MB 40 kwa lisaa. Video ya kundi inaanzia kilobiti 600, ikifika megabiti 1 ni MB 450 kwa lisaa, mara masaa yako sita hiyo ni GB 2.7, ndo maana GB 2 hazikufikishi.

Kwahiyo ukishaingia kipindini nenda kwenye More uzime video zinazoingia, slaidi utaendelea kuziona na slaidi ni nyepesi. Siku ambayo bando limebaki kidogo sana tumia ile hali ya kuendesha gari ya Zoom (safe driving mode), inabaki sauti tu. Google Meet nayo ina sehemu ya sauti tupu.

Kuhusu kamera, hapo lekchara simuungi mkono na nasema wazi, mtu asihesabiwe mtoro kwa sababu ya bei ya bando. Ila usibishane naye katikati ya kipindi mbele ya watu, mtumie ujumbe wa heshima mapema, au mpitie CR wenu, yaani kiongozi wa darasa, maana najua hauko peke yako, mwombeni kamera ziwake dakika tano za mwanzo wakati anaita majina halafu mzime. Akaunti za kulipia kama zile za vyuo zinampa ripoti ya nani kaingia saa ngapi na katoka saa ngapi, mahudhurio anayapata bila kuona sura ya mtu. Na mwombe akirekodi awatumie lile faili la sauti, Zoom inalitoa pembeni ya video na ni dogo sana, unalisikiliza hata netiweki ikiwa imekata.

SWALI: Dada, diskasheni yetu ya watu watano inakatika kila ikifika dakika 40, ni netiweki ya huku?

JIBU: Siyo netiweki, ni akaunti ya bure ya Zoom, ndo kikomo chake. Meet ya bure inawapa dakika 60. Ila kama chuo chenu kinatumia Moodle, ule mfumo wa masomo ya mtandaoni, muulizeni anayeisimamia kama anaweza kuwafungulia chumba cha BigBlueButton, kinafunguka kwenye brauza bila kushusha app yoyote na hakina hayo mambo ya dakika 40.