Maswali ya wasomaji: mizani, zaka na baraka

Barua nyingi za mwezi huu zimezunguka jambo moja: mtu akimtii Mungu, baraka zinamfikiaje? Tumechagua nne. Majina tumeyaondoa kama walioandika walivyoomba.

Bwana asifiwe. Mimi ni mama ninayefanya biashara ya mahindi hapa Busia. Kwa miaka 6 sijaruka zaka hata mwezi mmoja, lakini mtaji unazidi kuyeyuka. Mchungaji anasema kuna mahali sijatii. Nimejichunguza sijaona. Sinywi pombe, ibada sikosi. Labda mizani: tangu misimu 4 iliyopita, gunia la kilo 100 la mkulima kwangu linasoma 95. Lakini ndivyo wanavyofanya wote sokoni. Nifanye nini baraka zifunguke?

Mama, umeuliza na kujibu ndani ya barua moja. Neno hilo "labda mizani" ndilo tutakaloshika.

Kwanza tuondoe jambo moja. Hatuwezi kukuambia kwamba mtaji wako unapungua kwa sababu ya dhambi hiyo. Wapo wenye mizani mbovu wanaojenga maghorofa, na Zaburi ya 73 inalia kwa sababu hiyohiyo. Mizani iache hata kama hakuna shilingi moja itakayorudi, maana Mungu amekwisha kusema: Walawi 19:35-36, Kumbukumbu la Torati 25:13-16, Mithali 11:1. Pale hapahitaji kufunga siku 3 kutafuta mapenzi ya Mungu.

Andiko la zaka unalijua kwa moyo, Malaki 3:10. Sasa rudi nyuma mistari 5 tu, usome 3:5. Pale Mungu anasema atakuwa shahidi juu ya wanaomdhulumu mtu wa mshahara, mjane na yatima. Ni nabii yuleyule, sura ileile. Makanisa mengi yanasoma mstari wa 10 kila Jumapili, na wa 5 haufunguliwi mwaka mzima. Mfalme Sauli naye alifanya vivyo hivyo katika 1 Samweli 15: aliambiwa asibakize kitu cha Waamaleki, akabakiza kondoo na ng'ombe walionona, halafu akamwambia Samweli kwamba ni kwa ajili ya dhabihu. Samweli akamjibu, "kutii ni bora kuliko dhabihu". Hakusema dhabihu ni mbaya. Ubaya ulikuwa kuileta mahali pa utii, na huku sauti ya kondoo inasikika zizini.

Sasa tuje sokoni. Tunajua kwa nini kilo 5 hizo zilianza kukatwa: mkulima analeta mahindi mabichi. Gunia la kilo 100 lenye unyevu wa asilimia 18, likikaushwa hadi asilimia 13.5 ambayo ndiyo kiwango cha Afrika Mashariki, linabaki kilo 95 hivi. Mnunuzi anaona hasara inakuja, anaiwahi kwa mizani. Tatizo lako la unyevu ni la kweli, mama. Dawa yake ndiyo iliyo ya wizi, kwa sababu hata aliyekausha vizuri juu ya turubai kwa siku kadhaa anakatwa kilo zilezile 5. Hapo ndipo wakulima wanapoacha kukausha, maana hawaoni faida, na ghala lako linaota ukungu.

Fanya hivi. Mizani ya kuning'iniza ikiwa tupu, mshale usimame kwenye sifuri. Ning'iniza jerikani tupu uandike uzito wake. Litie maji lita 20, ukipima kwa chupa ya lita 1 mara 20, usijaze tu hadi shingoni, kwa sababu jerikani huingiza zaidi ya lita 20. Ukiondoa uzito wa jerikani, mizani isome kilo 20. Ikipungua hata nusu kilo, ipeleke kwa wakaguzi wa Shirika la Viwango la Uganda ikapimwe na kupigwa muhuri.

Unyevu nao upime mbele ya mkulima mwenyewe. Kama huna kipimo, chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia mahindi hadi theluthi yake, ongeza vijiko 2 au 3 vya chumvi kavu, tikisa dakika 1, iache dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu umepita asilimia 15 hivi. Mwambie wazi: bei ya makavu ni hii, bei ya mabichi ni hii, au rudi ukaanike. Kushusha bei kwa kinywa ni biashara. Anaweza kukataa akaenda kwingine, na haki hiyo ndiyo mizani yako ilikuwa inamnyima.

Umesema misimu 4. Tuseme ni magunia 40 kila msimu: kilo 5 mara 40 ni kilo 200, mara 4 ni kilo 800. Kwa bei ya shilingi 1,000 kwa kilo, ni shilingi 800,000 za watu. Hesabu 5:7 inaagiza kurudisha mali yenyewe na kuongeza sehemu ya tano. Ongeza 160,000, inafika 960,000. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne, Luka 19:8, lakini usianze na ahadi ya Zakayo kabla hujaweza agizo la Musa. Shilingi 80,000 kila mwezi zinamaliza deni kwa miezi 12. Anza na wajane na wenye shamba dogo. Asiyepatikana, yeye wala jamaa yake, Hesabu 5:8 inaelekeza fungu lake liende kwa Bwana; fungu la huyo tu, si la wengine.

Watu hukosea hapa kwa njia tatu. Wengine hutangaza toba kanisani, wakapigiwa makofi, na mkulima hajaona shilingi. Wengine huipeleka pesa yote sadakani, wakati Mathayo 5:24 inasema "iache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende zako, upatane kwanza na ndugu yako". Na wengine hurudisha kimyakimya kwa kuzidisha kilo msimu unaofuata. Huo ni wema, lakini unamnyima mtu nafasi ya kukusamehe. Balokole, yaani waliookoka wa uamsho wa miaka ya 1930 hapa Uganda, walijulikana kwa hilo hasa: mtu anatoka mkutanoni, anakwenda hadi mlangoni kwa mwenye mali, amebeba mali mkononi. Nenda mwenyewe, mama. Sema kilo ngapi, omba radhi, mpe.

Na baraka? Mkulima aliyekausha vizuri ataanza kuja kwako, hilo linatarajiwa. Lakini lililo kubwa zaidi ni kwamba utapiga magoti usiku na hakuna mtu wa Busia anayekulalamikia mbele za Mungu. Kumbukumbu la Torati 24:15 inasema kilio cha kibarua aliyedhulumiwa kinamfikia Bwana. Kuondolewa kilio hicho juu ya nyumba yako ni baraka tayari, hata kabla ya faida.

Mtoto wangu ana miaka 7, ana selimundu. Kundi la maombi hapa Gulu linasema Kumbukumbu la Torati 28 inaonyesha magonjwa ni laana ya kutotii, kwa hiyo tufunge siku 3 pamoja na mtoto na tuache dawa kama tendo la imani. Naogopa kukosa kutii. Nifanye nini?

Dada yetu, dawa zisiachwe. Mtoto asifungishwe hata siku moja.

Tunaanza na mwili kwa sababu hatari iko huko leo. Mtoto wa selimundu akikosa maji, damu yake inazidi kuwa nzito na chembe zilizopinda zinaziba mishipa. Ndipo yanapokuja yale maumivu ya mifupa unayoyajua. Baridi ya mkesha nayo huyachochea. Mpe maji siku nzima, vidonge vya foliki na kinga ya malaria kama kliniki ilivyoagiza, alale ndani ya chandarua. Homa ikifika 38 au zaidi, kupumua kukiwa kwa shida, au tumbo likivimba ghafla upande wa kushoto, nenda hospitali saa hiyohiyo; maombi yanaendelea njiani.

Ugonjwa huu umetoka wapi? Wewe na baba yake kila mmoja ana kinasaba kimoja cha selimundu bila kuugua. Kwa wazazi kama ninyi, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto kuugua. Kinasaba hicho kikiwa kimoja tu humkinga mtu na malaria kali, ndiyo maana kimeenea kwenye nchi za mbu kama yetu. Huenda kimewaokoa babu zako. Usikubali mtu akiite laana.

Sasa andiko. Kumbukumbu la Torati 28 ina mistari 68: baraka ni 14 ya kwanza, laana ni 54 zilizobaki. Anayeambiwa ni taifa la Israeli linaloingia Kanaani, kuhusu mvua yao, majeshi yao na kutekwa kwao. Sura hiyo haikuandikwa iwe kipimo cha kutafutia dhambi ya mama mmoja wodini. Wanafunzi walijaribu kipimo hicho kwa kipofu: ni nani aliyetenda dhambi, huyu au wazazi wake? Yesu akawajibu si huyu wala wazazi wake, Yohana 9:3. Rafiki za Ayubu walikitumia kwa sura nyingi, na mwishoni ni wao walioambiwa kwamba hawakunena sawasawa.

Soma pia Waebrania 11 polepole hadi mstari wa 35. Kabla ya hapo, waliotii walifunga vinywa vya simba na kupokea wafu wao wakiwa hai. Katikati ya mstari huohuo habari inageuka: wengine wakapigwa, wakafungwa, wakakatwa kwa misumeno. Imani ni moja, utii ni mmoja. Tarehe 3 Juni 1886 Charles Lwanga na wenzake walichomwa moto Namugongo kwa sababu walimtii Mungu. Kila mwaka watu wanatembea kwa miguu siku nyingi kwenda kuwakumbuka, na hakuna anayefika pale akauliza walikosea wapi.

Utii wako uko hivi: mtoto anywe maji, asikose kliniki, na mumwombee. Kundi likitaka kufunga, lifunge lenyewe kwa ajili yake, na atakayekuja aje na nauli ya kwenda hospitali mkononi.

Mtumishi mmoja wa Kampala alisema kwenye redio kwamba Bwana amemwonyesha kijana anayetakiwa kupanda mbegu ya shilingi 300,000 kwa pesa ya simu kabla ya saa sita usiku Ijumaa, na asipotii mlango wake utafungwa. Kiasi hicho ndicho nilichonacho cha karo. Je, ni mimi?

Soma 1 Wafalme 13 kabla ya Ijumaa. Mtu wa Mungu kutoka Yuda aliagizwa asile mkate, asinywe maji, wala asirudi kwa njia aliyojia. Nabii mzee akamwambia malaika amesema naye, mstari wa 18, na pale pale Biblia inaongeza kwamba alikuwa anamdanganya. Yule mtu wa Mungu akaenda akala. Simba alimuua aliyedanganywa. Aliyedanganya akabaki hai akamzika. Neno ulilopewa wewe haliondolewi na ndoto ya mtu mwingine, hata awe mzee na mheshimiwa.

Neno lako ni lipi? Karo hiyo kama ni ya mzazi aliyekutumia, ni amana. 2 Wakorintho 9:7 inataka kila mtu atoe kama alivyokusudia moyoni, si kwa huzuni wala kwa lazima. Saa ya mwisho pamoja na kitisho ndiyo lazima yenyewe. Na fikiria pia: maneno "kijana anayetakiwa kupanda mbegu" yakisemwa redioni, yanawagusa maelfu. Lipa karo, chukua risiti. Ukitaka kutoa, toa wiki ijayo, kiasi chako, kwa mtu mwenye njaa unayemwona.

Nimeokoka mwezi uliopita hapa Jinja. Mambo ya kutii ni mengi mno. Nianzie wapi, na nifanye kiasi gani ndipo Mungu anibariki?

Angalia mpangilio wa kitabu cha Kutoka. Bahari inapasuka sura ya 14, amri zinatolewa sura ya 20, na hata hapo zinaanza na neno la kwamba Mungu amekwisha kuwatoa Misri. Waefeso 1:3 inasema umekwisha kubarikiwa katika Kristo. Kwa hiyo futa "kiasi gani". Hutii ili ununue.

Kuhusu kuanza: soma Luka, sura 1 kwa siku, siku 24. Kila siku andika jambo 1 tu ambalo Yesu ameagiza na linalogusa mtu unayemjua kwa jina, ulifanye kabla ya kulala. Usiandike "nitapenda watu". Andika "nitamrudishia wa boda elfu 3 zake". Ukishindwa, usiruke kwenda sura nyingine. Irudie ileile kesho.