Upepo wa breki haulengwi kwa kubahatisha

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Kaka, nimefunga mabomba ya kupooza breki kama ulivyohimiza, lakini raundi ya sita pedali bado inazama. Au ulitudanganya?" Akaambatanisha picha. Niliiangalia nikacheka, kisha kicheko kikakata, kwa sababu niliyemwona pale ni mimi wa miaka miwili iliyopita. Hozi nene, klipu zinazong'aa, na mdomo wa bomba umeukazia macho uso wa diski, lile sahani la chuma linalobanwa na breki, kama mtu anayetaka kuzima mshumaa.

Basi ngoja niseme yote, hata yale niliyoyaruka mara ya kwanza kwa kujionea haya.

Siku yangu ya aibu kwenye uwanja wa mbio, mizunguko minne ya mwanzo nilikuwa mfalme. Wa tano, mwisho wa ule mnyooko mrefu, nikakanyaga breki palepale nilipozoea na mguu ukaenda tu. Haukukutana na kitu. Kama umewahi kukanyaga tope ukidhani ni ardhi, ndivyo ilivyokuwa. Nikapampu mara mbili, ya tatu pedali ikapanda kidogo, lakini kona ilikuwa imeshanifikia. Nikaishia kwenye changarawe. Gari zima, mimi mzima, vumbi limejaa mdomoni, na watu wamejipanga ukutani wakitazama.

Fundi mmoja mtu mzima akaja, akainama, akanusa gurudumu la mbele. "Umechemsha mafuta," akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu. "Ninyi wa magari ya spoti mnajua kuyakimbiza tu." Watu wakacheka. Sitaficha, mpaka leo nikiikumbuka sauti ile damu yangu nayo huchemka.

Lakini alisema kweli. Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewani polepole, hata gari likiwa limeegeshwa. DOT 4, daraja mojawapo la mafuta hayo, ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230. Ikishakunywa maji, kiwango chake kinachokubalika kinashuka hadi 155. Yangu yalikuwa na zaidi ya miaka miwili. Nilipofungua nati ya kutolea upepo yalitoka meusi kama maji ya mfereji. Yakichemka yanafanya mvuke, na mvuke unabanika, ndiyo maana mguu unakwenda. Tofautisha na pedi, vile vipande vinavyoibana diski, kuzidiwa na joto: hapo pedali inabaki ngumu, unaikanyaga kwa nguvu zako zote, ila gari halitaki kusimama. Ugonjwa mwingine huo, na dawa yake nyingine.

Usiku ule nilikaa na kalamu. Gari la kilo 1,300 likitolewa kasi ya kilomita 160 kwa saa hadi 60, breki zinameza takriban megajuli 1.1. Magurudumu ya mbele ndiyo yanayobeba mzigo, tuseme asilimia 70. Gawanya kwa mawili, kisha lipeleke joto hilo kwenye diski ya chuma ya kilo nane: inapanda kama nyuzi 105. Kwa kukanyaga mara moja tu! Kona inayofuata inaongeza juu ya kile kilichobaki, na katika mnyooko mfupi hakuna muda wa kupoa. Nikaiweka kalamu chini nikasema, dawa ni upepo.

Mabomba yangu ya kwanza nilitengeneza kwa kiburi, na kiburi hakijui kupima. Nilichukua bomba la plastiki la maji machafu, nikaliunga na hozi ya karatasi ya bati, ile ya mashine za kukaushia nguo, nikafungia kila kitu kwa kamba za plastiki. Nikang'oa taa za ukungu kwenye bampa, hapo ndipo pakawa mdomo wa kuingizia hewa. Kwa mbali lilipendeza kweli. Nilipiga picha nyingi kuliko nilivyopima.

Mara ya kwanza kukata usukani mpaka mwisho, tairi likaitafuna hozi ya kushoto. Nikaifunga upya. Siku ya kukimbia, raundi ya saba, nikasikia harufu ya plastiki. Kamba za karibu na diski zilikuwa zimeyeyuka na bomba la kulia linaning'inia sentimita chache kutoka kwenye hozi ya mafuta ya breki. Hebu fikiria lingeifikia. Na pedali? Ikaanza kulegea vilevile. Labda raundi moja baadaye kuliko zamani, na hiyo labda ni kwa sababu mafuta yalikuwa mapya.

Niliendelea hivyo miezi minane. Nilibadilisha hozi, klipu, mpaka mdomo wa bampa, kila kitu isipokuwa kile kilichokuwa kibovu, yaani pale upepo ulipokuwa unatua.

Aliyenifumbua macho ni yuleyule fundi. Safari hii hakuwa na watu, wala mimi sikuwa na kiburi cha kutosha kukataa. Alichukua diski yangu ya zamani akaisimamisha mezani kama gurudumu. "Chungulia ukingoni," akasema. Diski za mbele za magari yetu ni sahani mbili za chuma, katikati yake kuna mapezi. Gurudumu likizunguka, mapezi yanavuta hewa kutokea tumboni mwa diski, karibu na habu, yaani kitovu cha gurudumu, na kuirusha nje ukingoni. Ni pampu. Mimi kwa miezi minane nilikuwa napulizia mgongo wa pampu, na mdomo wake una njaa. Tena kupuliza uso mmoja tu kunapooza upande huo na kuuacha wa pili ukiungua, na chuma kinachopoa upande mmoja hupinda au kupasuka.

Lenga katikati. Ushauri wangu mkubwa ndio huo, na nikikwambia kuna mwingine mkubwa kama huo nitakuwa nakuongopea. Kama diski zako ni za sahani moja isiyo na mapezi, hapo ndipo upepo unatakiwa ugawanywe upige nyuso zote mbili.

Seti ya pili ilianzia kwenye kipande cha boksi. Nilifungua ile bati ya vumbi iliyo nyuma ya diski, nikachora umbo lake, nikakata bati jipya linaloziba nafasi kati ya habu na ukingo wa ndani wa diski, nikachomelea shingo ya milimita 63 inayotazama tumboni. Kuziba ndiko kwenye kazi, kwa sababu hewa ikipata upenyo wa kutorokea haihangaiki kuingia kwenye mapezi. Nilitaka shingo ya 76, haikuenea kati ya shokapu na rimu. Ukiweza ipate, maana eneo la tundu lake ni zaidi ya mara mbili ya lile la 51, lakini bomba la 63 lililonyooka lina faida kuliko la 76 lililokunjwa mara tatu. Hozi sasa ni ya nyuzi za kioo zilizopakwa silikoni, yenye waya ndani. Klipu zote za chuma. Plastiki nimeiacha kwenye bampa peke yake.

Kabla ya kushusha gari, kata usukani kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, kisha inua gurudumu kwa jeki kana kwamba springi imebanwa, urudie. Angalia waya wa sensa ya ABS, mfumo unaozuia magurudumu kukwama. Angalia hozi ya breki. Halafu angalia tena.

Kipimo changu ni cha kimaskini: mtu ashike blowa kwenye mdomo wa bampa, wewe lowesha kiganja ukiweke ukingoni mwa diski. Ubaridi ukiusikia unatoka kati ya zile sahani mbili, umefaulu. Ukiusikia usoni, rudi mezani. Mabomba yangu ya kwanza yangefeli kwa sekunde tano, kama ningekubali kuyapima.

Mwezi uliopita nikapaka ukingo wa diski rangi za joto: ya kijani hubadilika ikifika nyuzi 430, ya chungwa 560, nyekundu 610. Nilipofunga mabomba ya zamani, kijani na chungwa zote zilibadilika. Safari hii ni kijani peke yake. Nilikimbia dakika 20 mfululizo, pedali ngumu kama jiwe kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nilipotoka nikazungusha raundi moja ya taratibu bila kugusa breki ili zipoe, nikaegesha, handibreki sikuivuta. Yule fundi alikuwepo. Alichungulia nyuma ya gurudumu, akanung'unika kitu, akaondoka. Nimeichukua kama pongezi.

Nyie vijana mnaoniandikia usiku mkiuliza hozi gani inapendeza, sikilizeni. Badilisheni mafuta kwanza. Kisha pedi zinazostahimili joto. Mabomba baadaye. Na anayewacheka mbele za watu, msikilizeni kabla hamjamkasirikia. Mimi ningemsikiliza ningeokoa miezi minane na seti nzima ya diski. Barabarani siku ya mvua zibeni midomo ya mabomba, la sivyo mtakuwa mnamwagia diski maji na mchanga.

Na wewe kaka wa ile picha: bomba lako la kulia linatazama kalipa, kile kifaa kinachobana pedi, la kushoto uso wa diski. Bati la vumbi umeling'oa lote, kwa hiyo huna pa kushikizia shingo. Litafute pale ulipolitupa. Na ile kamba nyeusi iliyo kwenye mkono wa chini wa gurudumu, kama ni ya plastiki, ikate leo kabla hujalala.