Wasomaji Wanauliza: Vifaa vya Kambi na Usalama wa Kulala Hemani

Barua tatu zilizochaguliwa mwezi huu zimetoka kwa watu wasiojuana, lakini zote zinahusu kulala nje penye baridi au pasipozoeleka. Nimezipa nafasi yote ya ukurasa huu, na ya pili nimeijibu kwa urefu kuliko nyingine kwa sababu aliyeiandika, kwa maoni yangu, aliponea chupuchupu.

SWALI: Shikamoo Mshauri. Mimi ni mwalimu kijana wa Dar es Salaam. Mwezi Julai mimi na wenzangu watano tunakusudia kutembea kwa miguu kutoka Lushoto hadi Mambo, katika Milima ya Usambara, kwa siku nne, tukibeba mizigo yetu na kulala katika mahema. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulala nje penye baridi. Nimetenga shilingi laki nne kwa ajili ya vifaa vyangu, na rafiki yangu anasisitiza kwamba nianze kwa kununua hema zuri. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hema ni la lazima, lakini kwa safari ya kwanza si la kununua. Ninyi ni sita, hivyo mahema mawili ya watu watatu watatu yanawatosha, na mahema huazimwa au hukodishwa. Arusha na Moshi kazi hiyo ya kukodisha ni ya kawaida kwa sababu ya wapanda mlima. Siku chache kabla ya kuondoka lisimamisheni uani, mlimwagie ndoo kadhaa za maji, kisha mmoja wenu aingie ndani kupapasa mishono. Hema linalovuja ni heri ulijue ukiwa nyumbani.

Fedha yako ielekeze kwanza kwenye mambo mawili ambayo vijana wengi huyadharau: unacholalia na unachovaa miguuni. Hema huzuia mvua na upepo, lakini joto la usiku ni lako mwenyewe, na kazi ya vifaa ni kulizuia lisikutoke. Sehemu kubwa ya joto hilo hunyonywa na ardhi, kwa sababu mwili unapoukandamiza mfuko wa kulalia, upande wa chini hubaki mwembamba kama shuka. Ndiyo maana mtu mwenye mfuko wa bei kubwa asiye na godoro huamka akitetemeka, na jirani yake mwenye mfuko wa kawaida juu ya godoro zuri la sponji ngumu akalala hadi asubuhi.

Kuhusu mfuko wenyewe, soma lebo kwa makini. Mifuko iliyopimwa kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 23537 huonyesha vipimo vya joto vya aina tatu: kile ambacho mtu hulala kwa raha, kile cha mwisho cha kuvumilika, na kile cha hatari, ambacho mtu huponea tu na wala halali. Watengenezaji wengine huchapisha kwa herufi kubwa kipimo kinachovutia zaidi, yaani kile cha chini. Wewe tafuta kile cha raha. Kadiri unavyopanda mita 1,000 hewa hupoa kwa takriban nyuzijoto 6, na Mambo iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo usiku wa Julai kushuka chini ya nyuzijoto 10 si ajabu. Mfuko wenye kipimo cha raha cha nyuzijoto 5 hivi utakufaa. Chagua uliojazwa nyuzi za polista badala ya manyoya ya bata, kwa kuwa manyoya yakilowa hushikamana na kupoteza joto, na Usambara ina ukungu unaopenya kila mahali.

Viatu unaweza kuvipata mitumbani, na vingine ni bora kuliko vipya vya dukani, ila viangalie kwa jicho kali. Soli za povu za viatu vya mlimani huzeeka hata zikiwa kabatini, na kiatu kinachoonekana kipya kinaweza kuachia soli siku ya pili ya safari. Bonyeza soli kwa kidole gumba na ukunje kiatu. Ukiona mipasuko midogo au unga, kirudishe. Vijaribu jioni, wakati miguu imevimba kidogo, ukiwa umevaa soksi nzito, na uhakikishe kidole kikubwa hakigusi mbele, maana kwenye mteremko mguu wote husukumwa huko. Kisha vitembelee mjini kwa wiki mbili kabla ya kwenda Lushoto.

Suruali ya jinzi na fulana za pamba ziache nyumbani. Pamba hunywa jasho na mvua, hukauka polepole, na ikiwa mbichi huupoza mwili kwa kasi. Sweta ya sufu, fulana za polista, koti la mvua lenye kofia na jozi moja ya soksi kavu isiyoguswa hadi saa ya kulala, vinatosha. Mzigo wako usizidi moja ya tano ya uzito wa mwili wako: mwenye kilo 60 abebe kilo 12. Mkanda wa kiunoni wa shanta ufungwe barabara ili nyonga zibebe, si mabega.

Tafuteni mwongoza njia Lushoto. Vijia vya mashambani ni vingi na vinafanana, na mtu wa huko anajua maji yaliko. Msisimamishe hema kabla ya kujitambulisha kwa serikali ya kijiji, na mkipita ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Magamba, ulizieni kibali kwa Wakala wa Huduma za Misitu.

SWALI: Ndugu Mshauri, Agosti iliyopita tulipanda Mlima Kenya kwa njia ya Sirimon. Siku ya kwanza tulilala kambi ya Old Moses, ya pili kambi ya Shipton's. Baridi ilikuwa kali mno, basi sisi watatu tukawasha jiko la gesi ndani ya hema, tukafunga zipu, tukaliacha likiwaka karibu saa nzima. Usiku huo sote watatu tuliumwa vichwa, tukatapika na miguu ikakosa nguvu. Wenzetu wawili wa hema la pili hawakuumwa. Kiongozi wetu alisema ni ugonjwa wa mwinuko, ule unaoletwa na hewa nyepesi ya mlimani, tukashuka alfajiri, tukapona. Mwaka huu tunarudi. Je, tutumie dawa gani? Msomaji, Nanyuki.

JIBU: Ndugu msomaji, kabla ya dawa, rudia kusoma barua yako mwenyewe. Watu watano walipanda kwa mwendo mmoja na kulala mahali pamoja. Watatu wa hema lenye jiko waliugua kwa wakati mmoja, wawili wa hema lisilo na jiko hawakuguswa. Mimi si daktari wala sikuwapo, lakini mwinuko hauchagui mahema. Ninaogopa kwamba mlivuta kaboni monoksidi.

Gesi hiyo hutokea moto unapokosa hewa ya kutosha. Haina rangi wala harufu, na huishika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo mtu hukosa hewa ingawa kifua chake kinapanda na kushuka. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito, zile zile za mwinuko, na usingizi huo ndio unaoua, kwa sababu anayeuhisi haoni sababu ya kutoka. Makaa ni mabaya zaidi: yakishakuwa mekundu na moshi kwisha, watu wa nyanda za baridi huyadhani yametulia na kuliingiza jiko ndani, ilhali ndipo yanapoitoa gesi hiyo bila kuonekana. Nakusihi, wewe na kila atakayesoma hapa: jiko la aina yoyote lisiwashwe ndani ya hema, hata kwa dakika tano, hata mlango ukiwa wazi. Wenzenu wa hema moja wakiugua pamoja, toeni kila mtu nje kwenye hewa kwanza, kisha mshuke kutafuta hospitali.

Joto la hemani hupatikana kwa njia nyingine. Chemsheni maji nje, jazeni chupa ngumu isiyovuja, ifungeni ndani ya soksi na kuiweka kati ya mapaja ndani ya mfuko wa kulalia. Kuleni chakula chenye mafuta kabla ya kulala, na vaeni kofia. Jiko likisuasua baridini, huenda mtungi wenu una butani tupu, ambayo karibu na nyuzijoto sifuri haigeuki tena kuwa mvuke. Tafuteni mtungi uliochanganywa na propani. Msibebe maharage mabichi, kwani kwenye mita 4,200 maji huchemka kwenye nyuzijoto 86 hivi na mtamaliza gesi yote kabla hayajaiva.

Hata hivyo kiongozi wenu hakukosea kuwashusha, na mwinuko nao mliuchezea. Old Moses iko mita 3,300, Shipton's mita 4,200: mlipandisha mahali pa kulala kwa mita 900 ndani ya siku moja, wakati ushauri wa madaktari ni kwamba juu ya mita 3,000 usiongeze zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike. Laleni Old Moses usiku wa pili, mchana mkipanda kidogo na kurudi. Dawa ya asetazolamaidi ipo na husaidia, lakini umwone daktari kwanza, hasa kama una mzio wa dawa za salfa. Mtu anayeyumba kama mlevi, anayesema maneno yasiyoeleweka, au anayehema akiwa ameketi tu, ashushwe saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Kilele cha Lenana kitawasubiri.

SWALI: Mimi ni mlezi wa klabu ya mazingira ya sekondari moja huko Nakuru. Tumepata mahali pa kupiga kambi na wanafunzi: mto uliokauka, mchanga mlaini, kingo zinakinga upepo. Pana ubaya?

JIBU: Mwalimu, pana ubaya mkubwa, tafadhali pahameni. Mchanga huo uliletwa na maji, na maji hayo hurudi bila taarifa, kwa sababu mvua inaweza kunyesha milima ya mbali huku juu yenu anga ni jeupe. Septemba 2019 mafuriko ya ghafla yaliua watu katika korongo la Ol Njorowa, ndani ya Hifadhi ya Hell's Gate, si mbali na kwenu. Pandeni juu ya kingo, mbali na mti mmoja mrefu uliosimama peke yake, na mbali na njia za wanyama zinazoelekea majini. Chakula chote kifungwe ndani ya gari, kisilale hemani na watoto, kwa ajili ya nyani na fisi. Mwachieni mwalimu mkuu karatasi yenye majina, mahali pa kambi na saa ya kurudi, pamoja na saa ambayo, asipowasikia, ataanza kupiga simu.